Klachi Inayogoma Baada ya Kuhamia Giaboksi ya Manyuali: Tafuta Tatizo Kuanzia Pedali Hadi Beringi

Umetoa giaboksi ya otomatiki, umefunga ya manyuali, injini imewaka. Unakanyaga klachi, unajaribu gia ya kwanza, inakwaruza. Unapampu pedali mara tatu, gia inaingia. Kesho yake pedali imelala sakafuni na hainyanyuki mpaka uivute kwa ncha ya kiatu. Wa kwanza utakayemsimulia atakwambia masta, ile silinda inayosukuma mafuta ya klachi, imekufa, nunua nyingine.

Huenda ni kweli imekufa. Lakini iliuawa na nini? Niliwahi kufunga masta tatu kwenye gari moja kabla sijalala chali chini ya dashibodi na tochi mkononi, nikaona fimbo ya pedali inaisukuma pistoni kwa ubavu. Masta zote tatu zilikuwa nzima siku nilipozifunga. Gari lililozaliwa na klachi lilipimiwa pembe zake kiwandani. Gari uliloligeuza mwenyewe halijapimwa na mtu, kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima.

Kinachofanyika ukikanyaga

Humu nitaziita masta ya juu na masta ya chini. Ya juu imefungwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva, na pedali inaisukuma kwa fimbo. Ya chini iko kwenye giaboksi. Inasukuma uma, uma unasukuma beringi ya klachi, na beringi inakandamiza vidole vya presha pleti, sahani yenye springi inayoibana pleti ya klachi kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), ili pleti iachie. Katikati kuna paipu, kipande cha hosi, na mafuta ya breki. Magari mengine hayana uma: masta ya chini ni ya duara, inazunguka shafti ndani ya mdomo wa giaboksi, na ikiharibika hakuna namna ila kushusha giaboksi.

Kuna jambo moja dogo ndani ya masta ya juu ambalo wengi hawalijui, na ndilo chanzo cha nusu ya vituko nitakavyoeleza. Karibu na mwisho wa safari ya pistoni, upande wa pedali, kuna kitundu chembamba kinachounganisha silinda na kikopo cha mafuta. Pedali ikiwa juu kabisa, kitundu kiko wazi: mafuta yaliyopata joto yakatanuka yanarudi kikopo, na yaliyopungua yanajazwa. Ukikanyaga kidogo tu, raba ya pistoni inakipita, na kuanzia hapo mafuta yanasukumwa kwenda chini. Fimbo ikiwa ndefu kiasi cha kuizuia pistoni isirudi hadi mwisho, kitundu kinabaki kimezibwa. Mafuta yanapata joto, hayana pa kwenda, na klachi inaanza kuteleza yenyewe ukiwa barabarani bila kugusa pedali.

Kabla ya spana

Weka vizuizi kwenye matairi, na ukinyanyua gari tumia stendi, usilale chini ya jeki peke yake. Mafuta ya breki yanakula rangi, basi tandika kitambaa na uwe na maji karibu ya kuosha yakidondoka. Angalia pia kama klachi inachota mafuta kwenye kikopo cha breki. Magari mengi yamepangwa hivyo. Bomba la klachi kwa kawaida huanzia juu ya kikopo ili klachi ikivuja breki zibakiwe na akiba. Kama ulitoboa mwenyewe ukaunganisha chini, rekebisha hilo leo, kabla ya jambo lingine lolote.

Vipimo vitatu vya kutenganisha tatizo

Cha kwanza ni cha rula. Mtu akanyage pedali taratibu hadi mwisho, wewe uko chini unatazama fimbo ya masta ya chini inavyosukuma uma. Pima imetembea milimita ngapi. Kwa magari mengi madogo yenye uma, safari ya 12 hadi 16 mm hutosha. Kitabu cha gari lililotoa giaboksi, yaani lile ilikotoka hii ya manyuali, ndicho chenye neno la mwisho. Fimbo ikitembea inavyotakiwa na gia bado zinakwaruza, acha kuilaumu masta: tatizo liko ndani ya giaboksi, nitalifikia. Ikitembea 6 au 7 tu, tatizo liko kati ya mguu wako na hapo.

Cha pili nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakibishaniwi. Fungua paipu kwenye mdomo wa masta ya juu, ziba mdomo huo kwa bolti ya kuzibia yenye uzi uleule, kisha toa upepo kidogo kwa kulegeza bolti hiyo huku mtu akikanyaga polepole. Ikishakazwa, kanyaga. Pedali inapaswa kugota juu, ngumu kama umekanyaga jiwe. Ikizama polepole ukiishikilia, raba za ndani zinapitisha mafuta na masta hiyo imekwisha, hata kama nje ni kavu. Ikibaki ngumu, masta ya juu ni nzima. Endelea mbele kwenye hosi na masta ya chini.

Cha tatu ni cha pedali yenyewe. Chomoa pini inayounganisha fimbo na pedali, kisha sogeza pedali kwa mkono. Ikilala chini na kubaki huko wakati haijaunganishwa na kitu, hapo mafuta hayahusiki kabisa. Bushi zake zimekauka, au springi ya kusaidia mguu imefungwa vibaya. Springi hiyo kwenye pedali nyingi huvuta juu mwanzoni na kusukuma chini baada ya katikati. Ukiweka ya gari lenye presha pleti ngumu kwenye gari lenye presha pleti laini, itaishinda klachi na pedali itang'ang'ania sakafu.

Dalili nazo zinasema, ukizisikiliza. Pedali inayoimarika ukipampu ina upepo. Inayozama ukiishikilia kwenye taa nyekundu ina raba mbovu. Kikopo kinachopungua kina mahali kinavuja: vua kifuniko cha raba cha masta ya chini utazame kama kuna unyevu, kisha upitishe kidole pale fimbo inapoingilia ukuta upande wa dereva. Zulia lenye utelezi chini ya pedali si maji ya mvua.

Ukuta, mabano na pedali

Hapa ndipo magari yaliyogeuzwa yanapotofautiana na mengine, basi tulia hapa.

Gari la otomatiki mara nyingi lina ukuta ule ule wa manyuali, na mahali pa masta pamewekewa alama au kifuniko cha bati. Lakini si kila gari lina bamba la kuimarisha upande wa nyuma. Mtu mmoja akae ndani akanyage klachi kwa nguvu, wewe simama mbele na uweke kidole kwenye masta. Ukiona masta inasogea mbele, ukuta unapinda, na kila milimita inayopotea hapo ni milimita ambayo pistoni haikusafiri. Baada ya muda bati hupasuka kuzunguka bolti, au nukta za welding za mabano ya pedali huachia moja baada ya nyingine. Dawa ni bamba la chuma la mm 3 hivi, pana kuliko kitako cha masta, likae upande wa ndani na lifungwe pamoja na bolti za masta. Likifika hadi kwenye mabano ya pedali ndiyo bora zaidi. Welding pekee juu ya ufa, bila bamba, itapasuka tena pembeni mwake.

Mabano ya pedali kutoka gari lililotoa giaboksi huja na uchakavu wake. Shika pedali uitikise kushoto na kulia. Ikicheza sana, badilisha bushi kabla ya kuifunga, maana ukishaweka dashibodi hutaitamani tena kazi hiyo. Tazama pia pini na tundu lake: tundu lililokuwa la duara likawa kama yai linakula safari ya fimbo bila kukuuliza. Na ukiwa hapo, kama bado una ile pedali pana ya breki ya otomatiki, ibadilishe. Mguu wa kushoto unaotafuta klachi haraka utaikanyaga siku usiyoitaka.

Fimbo: urefu na pembe

Tazama fimbo kwa juu na kwa ubavu, pedali ikiwa juu, katikati, na chini. Inapaswa kuingia kwenye masta karibu na mstari ulionyooka. Inainama kidogo pedali ikizunguka, hiyo ni kawaida. Ikiingia kwa mshazari inasukuma pistoni kwenye ukuta mmoja wa silinda; ukifungua masta hiyo utakuta upande mmoja umeng'aa au umechanika na raba imelika upande huo huo. Rekebisha kwa kusogeza matundu ya masta ukutani, au kwa kabari ya chuma kati ya masta na ukuta. Usiikunje fimbo. Fimbo iliyokunjwa inajipinda zaidi chini ya mzigo.

Urefu sasa. Legeza nati ya kufungia na uirefushe au uifupishe mpaka pedali ikiwa juu kabisa kuwe na nafasi kidogo kati ya ncha ya fimbo na pistoni. Milimita 1 kwenye fimbo inatosha. Kwenye unyayo itaonekana kubwa zaidi, kwa sababu pedali ni wenzo: kama kutoka ekseli ya pedali hadi mguu ni mm 300 na hadi pini ni mm 50, uwiano ni 6 kwa 1, na ile milimita 1 unaisikia kama 6. Ukiikosa nafasi hiyo unaziba kile kitundu. Ukiizidisha unapoteza mwisho wa safari na klachi haiachii vizuri.

Kisha vizuizi vya pedali. Lazima pedali iwe na kitu cha kuizuia ikipanda na kingine ikishuka, na vyote viwili visiwe masta. Pasipo kizuizi cha juu, springi ya pedali inaivuta fimbo dhidi ya klipu ndogo ya duara iliyo mdomoni mwa masta, kila mara, hadi siku klipu inaruka na fimbo inachomoka na pistoni yake. Pasipo kizuizi cha chini, mguu wenye hasira unaigongesha pistoni mwisho wa silinda, au unaisukuma masta ya chini kupita kiasi. Bolti yenye kichwa cha raba na nati ya kufungia, iliyowekwa kwenye mabano, inamaliza kazi.

Masta ya saizi gani

Ushauri unaosikika sana ni "weka masta kubwa". Fanya hesabu kwanza. Gawanya kipenyo cha masta ya juu kwa kipenyo cha ya chini, jibu liweke mraba, kisha zidisha kwa safari ya masta ya juu: hiyo ndiyo safari ya masta ya chini. Chukua masta ya juu ya mm 15.87, ya chini ya mm 20.64, na fimbo inayosafiri mm 25. Ya chini itasafiri karibu mm 14.8. Badilisha ya juu iwe mm 19.05 na safari inaruka hadi mm 21.3 hivi, na mguu unahitaji nguvu zaidi kwa takriban asilimia 44.

Ukiona hapo, kubwa si lazima iwe bora. Safari ya ziada inaweza kuvipindisha vidole vya presha pleti kupita kikomo, ikagusa pleti, au ikaitoa pistoni ya chini nje ya silinda yake na mafuta yote yakamwagika. Kama kipimo cha rula kimeonyesha upungufu mdogo, kwanza tafuta ulipopotea: ukutani, kwenye pini, kwenye hosi, kwenye upepo. Mara nyingi saizi ya awali ilikuwa sahihi. Njia iliyo salama ni kununua jozi ya masta zilizotengenezwa kwa gari lililotoa giaboksi, pamoja na pedali yake.

Paipu, hosi na mafuta

Hosi ya zamani ya raba hujaa kama puto unapokanyaga. Ishike mkononi mtu akikanyaga. Ukiisikia inavimba, ibadilishe. Hosi iliyosukwa kwa waya wa chuma haivimbi, lakini usiibane kwa koleo ukifanya vipimo, utaivunja bomba la ndani.

Uzi wa nati za paipu unadanganya. M10 (kipenyo cha mm 10) yenye hatua ya mm 1.0 kati ya jino na jino na ile ya inchi 3/8 yenye meno 24 zinakaribiana mno: ya inchi ina kipenyo cha mm 9.5 na hatua ya mm 1.06. Itaingia mizunguko miwili mitatu, utadhani inakaza kwa sababu ya uchafu, utaongeza nguvu, na masta ya alumini imeharibika. Nati isiyoingia kwa vidole, iache. Bolti zenye tundu la kupitisha mafuta ziwekewe washa mpya za shaba kila zikifunguliwa.

Pitisha paipu mbali na bomba za moshi. Mafuta ya DOT 3 mapya yanachemka kwa angalau nyuzi 205 za Selsiasi, ila yakishanyonya unyevu yanaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanageuka mvuke, na mvuke unabanika kama upepo: pedali nzuri asubuhi, mbovu baada ya foleni, nzuri tena gari likipoa. Ukisikia hadithi hiyo, tafuta paipu ilipopita kabla ya kutafuta masta. Na usimimine mafuta ya injini wala ya giaboksi kwenye mfumo uliotengenezwa kwa mafuta ya breki, hata kwa "kufika nyumbani". Raba zitavimba na utabadilisha kila kitu.

Kufunga masta mpya na kutoa upepo

Usiifunge ikiwa kavu. Ibane kwenye jiliwa kwa kitako chake, ikiwa mlalo, jaza kikopo, unganisha bomba dogo kutoka mdomoni kurudi kikopo, na uisukume pistoni kwa bisibisi butu, polepole, hadi mapovu yaishe. Dakika kumi hizi zinaokoa jioni nzima.

Ikishafungwa garini, tazama imelalaje. Masta iliyoinua pua juu inahifadhi povu puani ambalo pedali haitaliondoa kamwe; nyanyua gari upande wa nyuma ili pua ishuke, au legeza bolti zake uiinamishe wakati wa kutoa upepo. Kwenye masta ya chini, nipo ya kutolea upepo lazima iwe sehemu ya juu kabisa. Gari lililogeuzwa mara nyingi huwa na masta ya chini iliyohamishiwa upande mwingine, na nipo ikajikuta chini. Ikiwa hivyo, ifungue, igeuze nipo juu, zuia pistoni kwa kibano ili isitoke, kisha toa upepo ikiwa mkononi. Mtu asikanyage pedali huku pistoni haijazuiliwa.

Utaratibu wa watu wawili: kanyaga, fungua nipo, mafuta yatoke, funga nipo, ndipo unyanyue pedali, kwa mkono kama hainyanyuki yenyewe. Nipo isiwe wazi pedali ikipanda. Jaza kikopo kabla hakijaisha. Ukishafanya mara ishirini na bado laini, geuza njia: tumia sindano kubwa safi kusukuma mafuta mapya kutoka nipo ya chini kwenda juu. Upepo unapenda kupanda, na hapa unausaidia. Punguza kwanza mafuta kikoponi yasije yakafurika juu ya rangi.

Kama masta ya zamani iliyobaki ni ya alumini na silinda yake imechimbika, usiisugue kwa msasa ili uweke raba mpya. Ngozi yake ngumu ikishatoka, raba mpya haitakaa.

Rula inasema sawa, gia bado zinakwaruza

Hapa inaumiza, kwa sababu giaboksi inashuka tena. Cha kwanza kukikumbuka: je, ulifunga pailoti beringi, ile beringi au bushi ndogo inayokaa katika shimo la nyuma ya krenkshafti? Injini ya otomatiki mara nyingi haina, maana haikuihitaji. Kama giaboksi yako inaitaka na haipo, ncha ya shafti inaning'inia, pleti haiachii sawasawa, na hakuna masta duniani itakayolirekebisha hilo.

Mengine ya kuangalia ukiwa huko: pleti iliyowekwa kinyume (kawaida ina maandishi ya upande wa flaiwili), springi zake zinazogusa bolti za flaiwili, pini za kulenganisha injini na giaboksi zilizosahaulika, na kile kichwa cha chuma cha mviringo ambacho uma unaegemea, kikiwa kifupi au kirefu kuliko inavyotakiwa. Kwa masta ya duara, pima nafasi kati ya beringi na vidole vya presha pleti kabla ya kufunga, kwa mujibu wa maelekezo ya aliyeitengeneza. Ukikosea, haina marekebisho ya nje.

Mwisho, jaribu hivi injini ikiwa imepata joto. Gari limesimama, breki ya mkono imekazwa, injini iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kanyaga klachi hadi chini, subiri sekunde tano, ingiza gia ya nyuma, ambayo kwenye giaboksi nyingi haina sinkronaiza, kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Rudia baada ya kuendesha kwa saa moja, kisha vua kifuniko cha raba cha masta ya chini utazame unyevu, na uweke alama ya kalamu kwenye kikopo cha mafuta. Baada ya wiki, fungua boneti uitazame alama ile.